Mtendaji wa mtaa wa ufukweni hupanga kazi kwa bamvua

Barua ya uhamisho ikikupeleka kata za ufukweni za Dar es Salaam, yaani Kunduchi, Kawe, Msasani, Mjimwema au Somangila, ofisini utakuta kalenda ya ukutani yenye tangazo la benki. Itakusaidia kukumbuka siku ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Haitakuambia lini mfereji utarudisha maji majumbani, lini ufukwe utajaa taka, wala lini mtu yuko hatarini kuzama. Kwa hayo inabidi ujue leo ni mwezi ngapi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Wa kukufundisha si afisa utumishi. Ni mzee yeyote anayeshona nyavu pale mwaloni.

Msingi ni huu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ni ya bamvua: yanajaa sana na yanapwa sana. Katikati yake, kwenye mwezi nane hadi kumi na mwezi ishirini na mbili hadi ishirini na nne, ni maji mafu. Dar es Salaam, kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna mita 3 na ushei. Maji mafu ni kama mita 1 tu. Jambo ambalo mgeni kutoka bara huwa halijui ni kwamba bamvua ina saa zake, na hazibadiliki sana mwaka mzima. Hujaa kama saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, hupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele dakika 40 hadi 50. Chukua kalamu nyekundu, uzungushie siku za bamvua kwenye kalenda ile ile ya benki, kwa mwaka mzima.

Sasa angalia sikukuu zinaangukia wapi. Idd el Fitr ni mwezi mosi, kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, inakuta bamvua. Pasaka huja ndani ya wiki moja baada ya mwezi mpevu, na mara nyingi inakuta bamvua au mkia wake. Idd el Hajj ni mwezi kumi, maji mafu, na ndiyo sikukuu nyepesi zaidi kwa upande wa bahari ingawa watu ni wale wale. Ukiwa na walinzi na posho za sikukuu moja tu, wapeleke Idd el Fitr.

Hatari ya siku hiyo inakwenda hivi. Saa 4 asubuhi maji yamepwa, ufukwe ni mpana, vijana wanatembea kwa miguu hadi kwenye fungu la mchanga mbali na ukingo. Maji yakianza kurudi hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza na ya pili ni polepole, ya tatu na ya nne ndiyo mbio, na ndani ya saa hizo mbili hupanda nusu ya kimo chote. Kwa bamvua ya mita 3 hiyo ni mita moja na nusu kati ya saa 6 na saa 8 mchana, wakati ule ule ambao familia zimemaliza pilau na zinateremka baharini. Tena hayaji kwa mbele peke yake. Hupita kwanza kwenye mkondo ulio nyuma ya fungu, kwa hiyo aliyesimama pakavu anakuta nyuma yake pana kina cha kifua. Asiyejua kuogelea anajaribu kuvuka badala ya kusubiri mtumbwi, na hapo ndipo anapozama.

Kwa hiyo kipaza sauti kianze kazi saa 5 asubuhi kuwarudisha watu kutoka kwenye mafungu. Kikianza saa 9, mmeshachelewa. Waokoaji wawe vijana wa hapo hapo, wawili wawili, kila jozi na kipande chake cha kama mita 100, na zamu isizidi saa mbili kwa sababu jua linachosha macho kabla halijachosha mwili. Kila jozi iwe na dumu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri, na kamba ya manila ya mita 30 kwenye mkono wake. Tia kikombe kimoja cha maji ndani ya dumu. Likiwa tupu kabisa upepo unalirudisha kwa aliyelirusha; likiwa na uzito kidogo linakwenda, na bado linamwelesha mtu mzima kichwa kikiwa juu. Anayezama atupiwe dumu. Asifuatwe mikono mitupu, maana atamkumbatia mwokoaji na watakwenda wawili.

Madumu hayo yakae kwa wauza mihogo na mama lishe, siyo ofisini. Vifaa vikifungiwa ofisini ufunguo anao mtendaji, na mtendaji siku ya Idd yuko kwao. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe kwa rangi kwenye kila kibanda pamoja na jina la eneo kama wenyeji wanavyoliita, kwa sababu mgeni anayepiga simu huishia kusema "nipo beach". Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe siku mbili kabla na tena asubuhi yenyewe. Ikitaja upepo mkali na mawimbi, wakodisha tyubu za magari wasiingie majini siku hiyo. Watabisha. Waambie siku moja kabla, siyo pale pale mbele ya wateja.

Mvua ni somo la pili la bamvua. Mfereji unaotoka makazi ya juu hadi baharini unahitaji bahari iwe chini ili ushushe maji. Mvua kubwa ya masika ikinyesha saa 9 alasiri siku ya bamvua, mdomo wa mfereji umeshazibwa na bahari yenyewe, maji yanasimama, kisha yanarudi nyuma hadi nyumba za mwanzo. Hapo hakuna cha kuzibua. Kinachozibuliwa ni ule mchanga ambao mawimbi huusukuma ukafanya tuta mdomoni, na huo unachimbwa mapema, maji yakiwa yamepwa, kuanzia saa 3 asubuhi ya siku ya bamvua. Vibarua wanne wenye sepetu na toroli wanafungua mdomo wa kawaida asubuhi moja. Ifanyike kabla ya Machi na irudiwe kila bamvua hadi Mei, maana bahari hulirudisha tuta lile ndani ya siku chache.

Kosa linalofanyika kila mwaka Dar es Salaam nzima liko kwenye tope linalotolewa. Hurundikwa ukingoni mwa mfereji "likauke, gari litakuja." Gari linakuja wiki ya pili, mvua inakuja siku ya tatu, na tope lote linarudi lilikotoka huku vibarua wameshalipwa. Kama gari halijathibitishwa, usichimbe. Mfereji wa barabara ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hivyo andika barua na upige simu, lakini tuta la mchanga la mdomoni usilisubirishe barua.

Taka nazo zinafuata maji. Bamvua hutupa chupa, viatu, nyavu na mwani kwenye mstari wa juu kabisa wa ufukwe, halafu maji yanapofifia kuelekea maji mafu mstari huo unabaki pakavu. Una kama siku kumi za kuuondoa kabla bamvua inayofuata haijaubeba na kuusambaza upya. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mzuri kwa mitaro na mabarabara, ila kwa ufukwe ni bahati nasibu: ikiangukia maji mafu, saa 4 asubuhi maji yamejaa na watu wanaokota kwenye ukanda mwembamba. Panga siku yako ya ufukwe siku ya tatu au ya nne baada ya bamvua. Okoteni plastiki, nyavu na vioo. Mwani muuache, unashika mchanga.

Magunia yajazwe nusu. Taka za ufukweni zina mchanga na maji, gunia lililojaa linafika kilo 30 bila shida, na kirikuu ni gari la kubeba kilo 350, yaani magunia kumi na moja. Mkandarasi akikuambia atamaliza kwa tripu mbili na wewe una magunia sitini, ujue anapanga kuyamwaga mahali ambapo si Pugu Kinyamwezi. Kutoka Kunduchi au Somangila hadi dampo hilo ni safari ndefu yenye foleni, na mafuta ndiyo yanayomshawishi. Hesabu tripu zirudi na stakabadhi ya dampo, lipa kwa stakabadhi.

Madafu yanahitaji aya yake. Kifuu kimoja kinachukua nafasi ya chupa kadhaa, hakishindiliki, na kikilala mdomo juu kinajaa maji ya mvua na kuzaa mbu wa dengue, ugonjwa uliolisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena 2019. Sharti la muuza dafu liwe moja na rahisi: kila kifuu kikishanywewa kipasuliwe vipande vinne kwa panga lile lile. Hakishiki maji tena, kinakauka haraka, na gunia linabeba vingi zaidi. Sharti la "kila muuzaji awe na pipa" huwa linaandikwa kwenye kila muhtasari wa kikao, na mapipa hubaki kwenye muhtasari.

Ujenzi ndio utakaokupotezea usingizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kila mtu anaijua namba hiyo. Ugomvi uko kwenye mahali pa kuanzia kupima. Anayetaka kujenga atakuita saa 4 asubuhi siku ya bamvua na kushika mwanzo wa futi pale maji yalipo, na mita 60 zote zitaishia kwenye mchanga ambao alasiri samaki watapita. Nenda saa 10 alasiri siku hiyo hiyo, weka kigingi kwenye mstari wa juu ulioachwa na maji, piga picha yenye tarehe, ndipo upime kuelekea nchi kavu.

Ukuta mara nyingi huanza Ijumaa jioni na Jumatatu unakuta umefika kifuani. Mtaa hauna mamlaka ya kubomoa, usijaribu. Kazi yako ni kupeleka picha, vipimo na jina la fundi kwa mhandisi wa halmashauri na NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, siku ile ile, ili amri ya kusimamisha itoke kabla ya zege. Ukichelewa, jirani wa upande wa pili ndiye atakayelipa: wimbi linalogonga ukuta wima huzunguka pembeni na kuchota mchanga wake. Na mchanga unaochimbwa kwenye mito inayoshuka Kunduchi ulikuwa njiani kwenda kujaza ufukwe, kwa hiyo lori la mchanga linalokatiza mtaani kwako usiku ni suala lako pia.

Mengine yatakuja mlangoni na si yako. Mikoko ni ya TFS, wakala wa misitu, hata tawi la kuni. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya viko chini ya Hifadhi za Bahari. Usalama wa boti za abiria ni wa TASAC, wakala wa meli. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na mpangaji anayelalamika kwamba anamlipia mwenye nyumba umweleze aikate kwenye kodi ya pango. Usimfukuze yeyote, mpe jina la ofisi na uandike kwenye daftari.

Pesa: kila shilingi ipite kwenye kontrol namba au mashine ya POS. Makusanyo ya Jumamosi na Jumapili ndiyo makubwa, na ndiyo yanayolala mfukoni hadi Jumatatu, kisha Jumatano, kisha yanakuwa hoja ya ukaguzi. Mashine iende na chaji ya ziada na laini ya mtandao wa pili, kwa sababu "mtandao ulikata" ni kisingizio kisichoweza kuthibitishwa wala kukanushwa. Ile asilimia kumi ya mauziano ya kiwanja ambayo watu watakuletea wenyewe, kwa heshima zote, haina stakabadhi. Irudishe mbele ya shahidi.

Vikundi vinavyoomba mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, vikaguliwe mahali pa biashara kabla ya fomu kusonga. Kuna kikundi kitakachokopa kununua majiko na mahema, kisha mgambo wa halmashauri ile ile iliyowakopesha waje kuyabeba kwa kuwa eneo halijaruhusiwa. Majiko yakishakwenda, marejesho nayo yamekwenda.

Mwisho, wavuvi. Ukiwaitia mkutano siku za usiku wa giza hawaji, na siyo kiburi: dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi mwezi usipokuwepo. Waite kwenye mbalamwezi, mwezi kumi na nne hadi kumi na saba, baada ya swala ya Alasiri, pale pale mwaloni. Tangazo mpe katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, siku tatu kabla, na ajenda zisizidi mbili.