Maswali ya Wasomaji: Uwanja wa Gofu Uliochakaa Kando ya Ziwa

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu wa kamati ya uwanja wa gofu wa mashimo tisa ulio kando ya ziwa hapa Mwanza. Uwanja wetu ni wa zamani. Grini zake, yaani zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo, hukakamaa wakati wa kiangazi na kugeuka tope wakati wa masika, ukoka umenyong'onyea na ndago zimeshamiri. Baadhi ya wanachama wanataka tuchangishane tununue mashine mpya ya kukatia nyasi, na wengine wanataka tung'oe grini zote tisa tupande upya. Tuanzie wapi? (Katibu wa kamati, Mwanza)

JIBU: Ndugu Katibu, anzeni na maji, na suala la mashine liahirisheni. Grini inayokakamaa mwezi Julai na kuwa tope mwezi Aprili kwa kawaida ina tatizo moja tu lenye sura mbili: udongo umeshindiliwa kwa miaka mingi ya kukanyagwa, na juu yake limejengeka tabaka la mabua na mizizi iliyokufa, linaloshika maji ya mvua yasishuke chini. Ndago hustawi mahali palipojaa maji, kwa hiyo mkiishia kuzing'oa tu mtakuwa mnahangaika na dalili.

Kabla ya kikao kijacho, chukueni kisu kirefu mkate kipande chenye kina cha sentimeta 20 kutoka kwenye grini iliyo mbaya kuliko zote, mkitoe kikiwa kizima na kukilaza juu ya gazeti ili wajumbe wote wakione. Mkikuta mizizi imeishia sentimeta mbili au tatu kutoka juu, na chini yake kuna mstari mweusi unaonuka yai viza, basi udongo huo haupati hewa. Kisha gongomeeni ardhini kipande cha bomba la plastiki chenye upana wa sentimeta 15, mkijaze maji mara ya kwanza ili udongo ulowe, mkijaze tena, na mpime maji yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Grini zinazojengwa kwa utaratibu uliotolewa na Chama cha Gofu cha Marekani mwaka 1960, ambao una sentimeta 30 za mchanga maalumu juu ya sentimeta 10 za kokoto na mabomba ya kutolea maji, hutarajiwa kupitisha milimita 150 au zaidi kwa saa. Yenu haitafika huko, wala haina haja ya kufika; lakini isipofikisha hata milimita 25, kwa maoni yangu kupanda nyasi mpya juu yake ni kutupa michango ya wanachama.

Tiba yake ni kazi ya mikono na ya kurudiwa. Mvua za vuli zikishakolea na ukoka ukiwa unakua kwa nguvu, toboeni grini kwa matundu ya kina cha sentimeta nane hadi kumi, yaliyoachana kwa takriban sentimeta tano, kwa kifaa kinachotoa udongo nje badala ya kuusukuma pembeni. Zoeni udongo uliotoka, kisha fagieni mchanga mkavu uingie hadi matundu yajae. Mchanga huo upimeni kwa chupa ya maji: tieni mchanga hadi nusu, ongezeni maji, tikiseni, na muiache itulie. Ikiwa baada ya saa chache kuna utando mnene wa tope laini juu ya mchanga, mrudishieni mwenye lori mzigo wake. Mkishapata mchanga mzuri, shikamaneni na chanzo hicho hicho miaka yote, kwa sababu tabaka za mchanga wa aina tofauti huzuia maji yasishuke.

Mwanza ina jambo lake la ziada, nalo ni miamba. Mvua inyeshapo juu ya jabali tupu haifyonzwi, bali huteremka yote kwa mkupuo. Kama grini iko chini ya mlima wa mawe, chimbeni mtaro upande wa juu uyageuze maji kabla hayajaifikia, maana bila mtaro huo matundu yote mtakayotoboa yatazibwa na tope katika msimu mmoja. Tazameni pia mikaratusi: ikiwa inazuia jua la asubuhi na mizizi yake imefika kwenye grini, ipunguzeni, kwa kuwa ukoka hauvumilii kivuli.

Kung'oa grini zote tisa kwa pamoja sikushauri. Chukueni moja, iliyo mbaya zaidi, mjifunze kwayo kwa mwaka mzima. Mkitaka ukoka wa kisasa wa grini kama Tifdwarf, ujue kwamba hupandwa kwa vipandikizi. Anayewauzia mbegu zake anawadanganya.

SWALI: Je, tunaruhusiwa kuvuta maji ya ziwani kumwagilia? Na shimo letu la chini, lililofunikwa na maji ziwa lilipojaa, tulirudishe? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Maji ya ziwa yanahitaji kibali cha matumizi kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako Mwanza. Hesabu yake si ngumu: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo grini ya mita za mraba 400 inayopewa milimita tano hutumia lita 2,000. Mwagilieni alfajiri.

Shimo la chini liacheni. Mwaka 2020 ziwa lilipita kina cha juu kilichowekwa mwaka 1964, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Acheni matete na mafunjo yaote hapo, yachuje mbolea kabla haijafika ziwani na kulisha magugu maji.

SWALI: Grini zetu ni za mchanga uliochanganywa na oili chafu, kama walivyofanya wazee. Tuendelee? (Mtunza uwanja, Bukoba)

JIBU: Mchanga endeleeni nao, kwani una gharama ndogo na hauhitaji umwagiliaji, oili acheni. Oili ya injini iliyotumika ina metali nzito, na mvua huisomba hadi ziwani. Tumieni mchanga mtupu, mnyunyizie maji kidogo kabla ya mchezo na mvute ubao juu yake ili uso ulingane. Ule wa zamani uliolowa oili msiutupe korongoni wala msiufukie. Mkabidhini mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali, na hadi siku atakapoufuata ufunikeni kwa turubai.