Natembea kila jioni, mbona sukari haishuki?

SWALI: Asalaam aleikum, dada muuguzi. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Mombasa, miaka 54. Sukari ninayo mwaka wa tatu, dawa yangu ni metformin tu. Jioni natembea mpaka Mama Ngina na kurudi. Mbona nikipima baada ya chakula cha mchana, zikishapita saa mbili, napata 12 au 13 (mmol/L)?
Fundi wa kanzu

JIBU: Waaleikum salaam, fundi. Matembezi yako usiyaache. Ila wali wa saa saba unapanda kwenye damu saa nane na saa tisa, na wakati huo wewe umeinamia kanzu, mapaja yamelala. Msuli unaokunjwa na kukunjuliwa huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake, homoni inayoingiza sukari kwenye msuli, imelegea. Uliotulia huvuta kidogo mno. Jioni unapotoka, sukari ya mchana imeshazunguka mwilini saa nyingi.

Australia, katika utafiti uliochapishwa 2016, watu 24 wenye kisukari cha aina yako, aina ya pili, walikalishwa kwa muda wa saa nane. Siku walizoinuka kila nusu saa, dakika 3 tu, wakatembea polepole au wakakunja magoti na kunyanyua visigino, sukari ya baada ya kula ilipungua sana.

Nimekulia chini ya cherehani ya mama yangu, ile ya kukanyaga, najua fundi haoni saa kazi ikimkolea. Kwa hiyo meza ya pasi ihamishie ukuta wa pili. Kila ukimaliza mkono au kola, inuka uiendee. Shika ukingo wake, nyanyua visigino mara 20, kunja magoti nusu mara 10, ndipo upige pasi. Na simu ilie kila nusu saa, hasa baada ya kula. Kwenda msikitini kwa miguu pia kunahesabika.

Jipime wiki mbili, andika, kisha daftari lipeleke kliniki; 12 na 13 daktari wako anapaswa kuziona. Wakikuongezea vidonge vya glibenclamide au sindano ya insulini, dawa zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi, uliza kwanza kuhusu sukari kushuka: ukitetemeka na kutoka jasho la ghafla, kaa, jipime, na ikiwa chini ya 4 kunywa kitu cha sukari.

Jambo jingine linanitia hofu zaidi. Sakafu ya fundi haikosi sindano na pini, na mguu wa mwenye sukari huweza kuchomwa usisikie. Usiinuke peku. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na usiku kagua nyayo zako zote mbili kwenye taa.