Muulize Shangazi: Filamu ya imani yenye mateso, watoto waangalie au wasiangalie?

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, kaka ana miaka 16 na mdogo wake wa kike 13. Kiongozi wa vijana kanisani kwetu ametangaza kwamba Jumamosi ijayo anawaonyesha vijana wote ile filamu ya Silence, ya mapadri wanaoteswa Japani. Kwenye gruupu la wazazi tumegawanyika vibaya. Wengine wanasema ina damu na kutesana, wengine wanasema damu siyo shida, shida ni padri anayekana imani, eti tunawafundisha watoto kwamba ukibanwa unaruhusiwa kumkana Yesu, na mume wangu yeye anasema watoto wa siku hizi wanaona makubwa zaidi kwenye simu kwa hiyo tuache kuwadekeza. Mimi sijaiona. Kaka anaitaka sana, mdogo wake anaitaka kwa sababu kaka anaitaka, ingawa huyu binti tangu bibi yake afariki mwezi wa tatu hata sala ya jioni anakaa tu kimya haitikii. Niwaruhusu wote, niwakatalie wote, au nifanyeje? – Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika siyo damu wala padri, ni ule mstari wako wa mwisho mwisho, ulioandika kama unapita tu, kwamba binti tangu bibi yake afariki haitikii sala. Nitaurudia. Ila ngoja kwanza nikueleze filamu yenyewe manake hujaiona, na kwenye gruupu kila mtu anaelezea kipande chake.

Ilitoka 2016, ameiongoza Martin Scorsese, na imetokana na riwaya ya 1966 ya Shusaku Endo, Mjapani ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Ni karne ya 17, ukristo Japani umepigwa marufuku tangu 1614, na mapadri vijana wawili Wajesuiti (shirika la mapadri wa Kikatoliki) kutoka Ureno wanaingia kwa siri kumtafuta mwalimu wao, padri Ferreira, ambaye wamesikia ameikana imani (huyu Ferreira siyo wa kutunga, alikuwepo kweli na alikana kweli, mwaka 1633). Inachukua saa mbili na dakika 41, na inaenda polepole, muziki karibu hakuna, unasikia upepo na wadudu na bahari. Marekani waliipa alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 lazima aingie na mzazi au mtu mzima, Uingereza wakaipa 15, maana yake kule binti yako asingeruhusiwa kuingia ukumbini hata ukiwa umemshika mkono. Alama hizi haziwezi kukuamulia kuhusu mtoto wako kwa sababu waliozitoa hawamjui, lakini waliiangalia yote mpaka mwisho, kwa hiyo usizipuuze.

Mateso yapo, nisikudanganye. Inaanza na mapadri wanaomwagiwa maji ya moto ya chemchemi za Unzen, kidogo kidogo. Wanakijiji watatu wanafungwa misalabani ufukweni, maji yakijaa yanawapiga usoni, na mmoja wao anachukua siku nne kufa. Kuna mtu anakatwa kichwa ghafla, pale ambapo wewe ndo ulikuwa umeanza kupumua. Kuna wanaoviringishwa kwenye mikeka na kutupwa baharini, kuna wanaoning'inizwa kichwa chini shimoni. Ukihesabu damu, siyo nyingi kuliko muvi za kupigana ambazo mwanao wa miaka 16 ameshaziona, na hapo baba yao ana hoja. Lakini kwenye muvi za kupigana anayekufa humjui, anaanguka wanamruka wanaendelea, huku umeshakaa naye kibandani kwake, umemwona anasali gizani, umeona furaha yake kumpata padri baada ya miaka, alafu unaangalia anakufa taratibu huku anaimba. Hicho ndo kinachokaa na mtoto, na simu haijamzoesha.

Sasa hilo la kukana. Wakati ule watawala walikuwa na kibao chenye sura ya Yesu au Bikira Maria, kinaitwa fumie, unaambiwa ukikanyage, mguu mmoja tu, ukikanyaga unaachiwa. Padri Rodrigues, mmoja wa wale vijana wawili, anakataa, anakataa, mwishoni anakanyaga. Na hakanyagi ili ajiokoe, anakanyaga kwa sababu kuna wakulima wananing'inia shimoni ambao wao wenyewe walishakana zamani, ila hawatashushwa mpaka padri akane. Je, alifanya sawa? Filamu haikupi jibu, na hapo ndo wazazi wenzako wanapoogopa, nawaelewa kabisa. Lakini kumwonyesha mtoto mtu aliyeanguka siyo kumwambia aanguke, maana ingekuwa hivyo tungetoa pia kwenye Biblia ule usiku wa Petro na jogoo. Kanisa lenyewe lilishapita hapa mapema sana. Mwaka 250 kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma, Wakristo wengi sana wakatoa kwa hofu, mateso yalipopoa wakaanza kugonga mlango wanataka kurudi, na kukatokea ugomvi mkubwa, wengine wanasema wasirudi kamwe, wengine warudi hata leo. Cyprian askofu wa Carthage na maaskofu wenzake wakakutana 251 wakaamua watu hao warudishwe baada ya toba. Hawakusema kukana ni halali na hawakuwafungia mlango. Kijana wa miaka 16 anaweza kubeba hayo mawili kwa pamoja, kwamba jambo ni baya na aliyelifanya bado anapendwa. Wa miaka 13 wengi wao bado wanauliza sasa huyu ni mzuri au mbaya, na filamu hii inamwacha hapo hapo katikati, usiku, kichwani kwake.

Mi mwenyewe niliiangalia na watoto wa kaka yangu, mmoja 17 mwingine 14. Wa 17 tulibishana naye palepale mpaka usiku wa manane. Huyu wa 14 alinyamaza, nikasema labda hajaelewa au amechoka, kumbe. Siku mbili baadaye tunaosha vyombo akaniuliza bila hata kuniangalia, shangazi, Mungu akinyamaza anakuwa amekasirika? Sikuwa na jibu lililopikwa. Nilimwambia hata Yesu msalabani aliuliza, Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha, na Injili haisemi kama kuna sauti iliyomjibu pale, na hakuna aliyemwambia amekosa kwa kuuliza. Tukaendelea na vyombo. Nakueleza hili kwa sababu kiongozi wa vijana ataonyesha Jumamosi, ila swali litakuja Jumatatu jikoni kwako, na kama wewe hujaiona utajibu nini? Kwa hiyo kabla ya kuruhusu au kukataa, kaa wewe na mume wako muiangalie yote kabla ya hiyo Jumamosi, siyo treila, yote.

Kaka, kwa maoni yangu, aende. Ana umri, ana hamu, na ni afadhali akutane na swali hili akiwa bado anaishi chini ya dari lako.

Binti nisingempeleka Jumamosi. Siyo kwa sababu ya damu. Filamu nzima, hata jina lake maana yake ni ukimya, inahusu mtu anayeomba na kuomba na hasikii kitu, na mwanao sa hizi yuko hapo hapo. Nadhani alimwombea bibi yake, na bibi akaondoka. Inawezekana filamu hii siku moja ikamsaidia sana, akaona kumbe hata padri anaweza kujisikia hivyo, lakini siyo gizani katikati ya vijana wenzake wanaomwangalia kama analia. Na tafadhali usimwambie we bado mdogo, atasikia amefukuzwa. Mwambie ukweli, kwamba inahusu watu wanaoomba na hawajibiwi, na wewe unataka muiangalie wawili, siku akitaka, na rimoti anashika yeye. Alafu hata kabla ya filamu yoyote kaa naye muongee habari za bibi. Usimlazimishe kuitikia sala. Mwulize anamkumbuka bibi kwa jambo gani zaidi, uanzie hapo.

Na huyo kiongozi wa vijana mpelekee ujumbe wangu kwa heshima, manake nia yake nzuri. Asiionyeshe kwenye mkesha watu wakiwa wamechoka. Aanze mapema ili ikiisha ubaki muda wa kutosha wa kukaa na kuongea, na mlango uwe wazi, kijana akitoka nje asifuatwe na maneno. Na kitu kimoja nakiomba sana, asije akauliza ukumbi mzima ungekuwa wewe ungekanyaga, nyoosheni mikono. Ukiuliza hivyo vijana watasema uongo mbele ya wenzao, wote watanyoosha kwamba wasingekanyaga, na yule aliyekuwa anaogopa kwa dhati atajua pale siyo mahali pa kusema. Wala asikimbilie sala ya kufunga ili kuwatuliza, awaache kidogo wakae na uzito wake.

Awaeleze pia historia ili wasitoke wanachukia Wajapani. Watawala wale waliogopa kwamba nyuma ya mapadri watakuja wanajeshi wa Ureno na Hispania, hofu iliyokuwa na sababu zake ingawa mateso hayana utetezi. Na wanaokufa kishujaa kwenye hii filamu wengi ni Wajapani wenyewe, wakulima maskini, kiasi kwamba mimi naona wao ndo wenye filamu kuliko mapadri. Awasimulie na kilichofuata, kwamba wakulima kama hao waliendelea kusali kwa siri zaidi ya miaka 200 bila padri hata mmoja, wanabatizana wenyewe, mpaka mwaka 1865 kikundi chao kikajitokeza kwa padri Mfaransa kwenye kanisa la Oura pale Nagasaki kikamwambia moyo wetu na wako ni mmoja. Nikiisimulia hiyo mpaka leo nasisimka.

Shangazi, mimi sielewi hizi kelele. Filamu ya mateso ya Yesu ni Biblia tupu, Biblia inaweza kumdhuru mtoto? Wangu ana miaka 12 na nataka aione Ijumaa Kuu. – Baba Mwenye Msimamo

Baba, nakuheshimu, ila Injili inasema Pilato aliamuru Yesu apigwe mijeledi kwa maneno machache kabisa, na kwenye The Passion of the Christ ya 2004 yale maneno machache yamegeuzwa dakika nyingi za nyama kuchanika mbele ya macho. Waandishi wa Injili hawakuielezea ngozi. Hiyo filamu ilipewa R Marekani na 18 Uingereza, na mwaka uliofuata Mel Gibson aliyeiongoza akatoa toleo lingine alilopunguza kama dakika tano za ukatili ili watu zaidi waweze kuitazama, kwa hiyo hata yeye aliona ni nzito. Miaka 12 mimi ningesubiri. Ijumaa Kuu msomee sura ile ya mateso kwa sauti, wewe mwenyewe baba yake, ataikumbuka. Akifika 15 au 16 na bado mnataka kitu kizito, kuna Of Gods and Men ya 2010, ya watawa Wafaransa waliokuwa wakiishi Algeria na wakatekwa 1996, wanajadiliana mezani wabaki au waondoke. Ina tukio moja la mauaji la ghafla, jiandaeni, lakini sehemu kubwa ni watu wanaamua, na kijana anajifunza kwamba hata watakatifu wanaogopa na wanabishana.

Shangazi shikamoo. Nina miaka 15. Niliangalia Silence peke yangu kwenye laptopu bila kumwambia mtu. Padri alipokanyaga nilikasirika nikaizima. Lakini anayenisumbua zaidi siyo padri, ni yule Kichijiro, anayekana kila mara alafu anarudi kuungama, alafu anasaliti tena. Naona ni kama mimi. Nina jambo huwa naliungama na narudia lilelile, mpaka naona aibu kwenda tena. – Kijana

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuniamini. Kwanza sikugombezi kwa kuiangalia kwa siri, ila nasikitika uliubeba huu mzigo peke yako siku zote hizi.

Umeona kitu ambacho watu wazima wengi hawakioni. Kichijiro anachukiza, ananuka, anaudhi, hata padri mwenyewe anachoka naye, kuna wakati anamsikiliza maungamo huku moyoni hamtaki. Lakini angalia jinsi anavyorudi. Anarudi wakati kurudi hakumpi faida yoyote, anarudi wakati kurudi kunaweza kumwua. Hao waliokufa baharini walikuwa hodari, yeye hakuzaliwa hodari, anaishi na aibu hiyo kila siku na bado hakati tamaa ya kusamehewa. Mi nilipoiona mara ya kwanza nilimdharau, ya pili nilimlilia.

Jambo lako sijui ni lipi na sikuulizi hapa. Kama ni kitu ambacho mtu mwingine anakufanyia au anakulazimisha, hilo siyo dhambi yako, mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, usisubiri. Kama ni udhaifu wako mwenyewe, nenda tena, hata kama ni mara ya ishirini, na mwambie padri wazi kwamba unaona aibu kwa sababu ni lilelile, sema hivyo hivyo, ataelewa, amesikia wengi. Na tafuta mtu mmoja nyumbani, mama au baba au mjomba, mwambie kuna filamu imekusumbua, anza na filamu tu kama mengine ni magumu.

Alafu ulizima mapema. Padri akishakanyaga filamu haiishi, inaendelea kumfuata miaka na miaka mpaka uzeeni, mpaka anapozikwa, na Kichijiro yumo. Picha ya mwisho kabisa sikuambii. Mwombe huyo mtu wa nyumbani mkae muimalizie pamoja, muanzie pale ulipozima, kisha uniandikie umeona nini.