Mchango wa kumkumbuka mama: utafiti au uhamasishaji?

Pole sana dada. Umeuliza pauni mlizochanga huko Uingereza kumkumbuka mama, aliyefariki kwa saratani ya ovari, ziende wapi. Mimi ningepeleka nyingi kwenye utafiti. Jaribio la huko huko, lenye wanawake zaidi ya 200,000, lilionyesha mwaka 2021 kwamba kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo, kwa hiyo utafiti bado unahitajika. Ovarian Cancer Action, shirika la hisani la huko, wanafadhili utafiti. Wanaolipa kodi wajaze fomu ya Gift Aid; serikali huongezea kila pauni peni 25.

Zinazobaki chapisheni vipeperushi vya Kiswahili vyenye dalili: tumbo kujaa kila siku, kushiba kwa matonge mawili, kukojoa mara kwa mara. Muandike wazi kuwa kipimo cha mlango wa kizazi hakionyeshi ugonjwa huu. Shangazi yangu alikitegemea hicho, huku kila jioni akilegeza fundo la kanga na kusema ni gesi tu.