Shangazi wa Safari: Ratiba ya mzee na meli ya Barcelona

SWALI

Shikamoo Shangazi. Binti yetu anayeishi Ujerumani anatulipia safari ya meli ya kitalii mwezi wa tisa, mimi na baba yake. Tunapandia Barcelona, tunapita Tunis, Palermo, Naples, Genova na Marseille, kisha tunarudi palepale. Ndege aliyoiona inatua saa 2 asubuhi, na meli inaondoka saa 12 jioni siku hiyohiyo. Mume wangu ni stesheni masta mstaafu, na ameshaandika ratiba: kanisa la Sagrada Família, bustani ya Park Güell, uwanja wa mpira wa Camp Nou, soko la La Boqueria, ufukweni, halafu bandarini. Mimi magoti yananisumbua na sitaki kuikimbilia meli. Tiketi za ndege hazijakatwa. Nani kati yetu yuko sawa?
Mama Salma, Tanga

JIBU

Marahaba, Mama Salma. Wewe. Msalimie mzee, umwambie ratiba ile ingefaa kama na meli ingekuwa chini ya bendera yake.

Hiyo saa 12 ni ya meli kuondoka, si ya ninyi kupanda. Mapokezi ya abiria hufungwa mapema, mara nyingi saa moja au zaidi kabla, na atakayefika baada ya hapo anaachwa hata kama meli bado anaiona. Nilipokuwa mhudumu wa vyumba melini tulitandika vitanda vingi vya watu ambao ndege zao zilichelewa, na asubuhi shuka ziko vilevile. Ninyi mkiachwa, bandari inayofuata ni Tunis, bara jingine kabisa. Mwambie binti akate ndege ya siku moja kabla. Hoteli ya usiku mmoja itamuuma, ila si kama tiketi mbili za kuifukuzia meli.

Jambo jingine la kumwambia leo hii ni viza. Meli ikifika Tunis mmeshatoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na Palermo mnaingia upya. Kwenye stika ya viza kuna sehemu ya idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT. Yenu ikiwa 01, imekwisha kazi Tunis. Ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja na muambatanishe njia ya meli. Kuhusu Tunis yenyewe, iandikieni kampuni ya meli iwajibu kwa maandishi pasipoti ya Tanzania inahitaji nini, hata kwa asiyeshuka. Majibu ya simu huwezi kuyaonyesha kaunta.

Sasa mji. Siku ya kufika, wekeni mizigo hotelini, laleni kidogo, kisha mwende Sagrada Família na hapo tu. Tiketi hununuliwa mtandaoni zikiwa na saa ya kuingia, kwa hiyo binti azinunue mapema, tena za alasiri. Upande wa magharibi vioo ni vyekundu na vya rangi ya machungwa, na jua likishuka rangi hizo zinamwagika juu ya nguzo na sakafu mpaka watu wanaacha kuongea. Asubuhi jua hupita kwenye vioo vya bluu na kijani upande wa mashariki. Ni pazuri pia, lakini mimi ni wa alasiri. Ujenzi ulianza 1882, msanifu majengo Gaudí akaupokea mwaka uliofuata, akagongwa na tramu 1926 akafa, na kaburi lake liko humohumo chini. Mabega yafunikwe, mtandio wako unatosha.

Park Güell ni mlima, na magoti yako hayakuombwa ushauri. Ifutwe. Camp Nou mzee aitazame kwenye televisheni kama sisi wengine.

Siku ya meli msitoke mji mkongwe. Kwenye kanisa kuu la mtaa wa Barri Gòtic kuna ua wa ndani wenye bata bukini 13, na kuna pa kukaa. La Boqueria iko kwenye barabara ya La Rambla, hatua chache tu, ila Jumapili hufungwa. Matunda ya vikombe pale mlangoni ni ya bei ya wageni. Ingieni ndani zaidi. Mkitaka chakula cha halali, vukeni La Rambla muingie mtaa wa Raval, kuna Wapakistani na Wamoroko wa kutosha, na mzee atapiga picha na lile paka kubwa la shaba la mchongaji Botero.

La Rambla yenyewe ina vibaka wenye subira kuliko wa Kariakoo. Mtu anakuonyesha uchafu begani, anajitia kukufuta kwa huruma, na mwenzake anamaliza kazi. Usimshukuru, endelea kutembea. Mkoba uwe mbele, simu ya mzee isikae mfuko wa nyuma.

Saa 7 mchana muwe mmechukua mizigo hotelini na mko ndani ya teksi, nyeusi yenye milango ya njano. Mtajieni dereva herufi ya kituo chenu cha meli, maana viko kadhaa, na vingi viko kwenye gati la Moll Adossat, ng'ambo ya daraja, mbali kwa miguu. Mita itaongezewa nyongeza ya bandarini. Ni halali, mzee asigombane.

Masanduku yanapokelewa hapo kituoni na huweza kufika chumbani jioni. Basi dawa, pasipoti na nguo ya kubadilisha zikae kwenye mkoba wa mkononi. Na nakujua, Mama Salma: birika la umeme liache Tanga, na pasi pia. Vyote viwili huonekana kwenye mashine ya ukaguzi na kuzuiliwa mpaka mwisho wa safari, na sanduku lako linabaki nyuma ukaitwe kulifungua mbele ya watu. Maji ya moto yapo kwenye ukumbi wa chakula. Beba tangawizi ya unga.