Kwa unayeanza kazi kwenye kliniki ya sukari na moyo

Ukipangiwa kliniki ya sukari na moyo hapa Mombasa, usikimbilie kitabu cha mgonjwa. Mwamkie kwanza, kisha muulize: leo umekula nini, na dawa umetumia saa ngapi?

Mimi nilifunzwa na mzee mmoja wa Likoni. Tulimwambia aje na njaa, apimwe damu. Alfajiri akadunga insulini yake kama kawaida, akasimama foleni ya feri, akatufikia saa tatu. Nilimwona anatiririka jasho, kanzu imemganda mgongoni, nikadhani ni jua tu. Alipoanza kunijibu maneno yasiyoshikana ndipo nikampima sukari: 2.6 mmol/L, imeshuka mno. Tukamkorogea vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, baada ya dakika 15 tukapima tena, ikawa imepanda. Kosa lilikuwa letu. Tulimkataza kula, hatukumwambia insulini ya asubuhi aifanyeje. Tangu siku hiyo maneno hayo mawili nayatoa pamoja, na mgonjwa ayarudie mbele yangu.

Viatu avue kila anapokuja, hata kama foleni imefika mlangoni. Mguu uliokufa ganzi hausikii msumari uliotoboa champali, wala mchanga wa adhuhuri. Tenganisha vidole kwa mkono wako, uangalie katikati: maji ya udhu yasipokaushwa hubaki hapo, ngozi ikalainika na kupasuka, na kidonda huanza hivyo, kimyakimya.

Na moyo nao hivyo hivyo. Mwenye sukari anaweza kupata shambulio la moyo bila kifua kumuuma. Mama akikwambia tangu jana anachoka tu, au pumzi zinamwishia kwenye ngazi, usimwambie ni uzee. Mfanyie kipimo cha moyo (ECG) siku hiyo hiyo.

Habari za kufunga zungumza nao mwezi wa Shaabani, maana dozi hupangwa na daktari kabla, si Ramadhani imeshaingia. Wengi huogopa kuwa sindano ya kupima sukari itawaharibia saumu. Waambie masheikh wengi wamesema haibatilishi. Wajue pia namba mbili za sukari ya damu: chini ya 3.9 au juu ya 16.7 mmol/L, mtu afungue, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika 10.