Kabla hujamsahihisha bibi

Juzi kijana wetu mmoja karudi kutoka Kisauni na rekodi ya dakika arubaini. Nyimbo tatu, feni moja. Feni ndiyo iliyosikika vizuri. Nikacheka, kisha nikakasirika, maana makosa haya tuliyafanya sisi tukadhani tumeyamaliza.

Nyinyi mnaorekodi nyimbo za watu waliohama kwao, wanangu, shikeni haya:

1. Zimeni feni. Jasho litakauka.

2. Usimwombe bibi "wimbo wa kuikumbuka nchi". Hana wimbo wa jina hilo. Ana wa kutwanga, wa kubembeleza mtoto, wa chakacha, na kwao kumo humo ndani. Muulize, upepo wa kusi ukishika, majahazi yakielekea Lamu, alikuwa akimpelekea nani salamu. Ataanza mwenyewe.

3. Msisahihishe. Hapa nikae kidogo, maana bado paniuma.

Bibi mmoja wa kisiwa cha Pate, kule Lamu, aliyeolewa Mombasa tangu msichana, aliniimbia "yangu nti". Mimi na shule yangu, na feni pia (ndiyo, hata mimi), nikasikia "mti". Nikaona "yangu mti" ngeli haikubali, basi nikamsaidia: "wangu mti". Mizani zikatimia, kina cha -ti kikakaa, nikalala usingizi mnono.

Tukafanya kikao Mji wa Kale, na bibi mwenyewe yupo. Nikafafanua dakika ishirini nzima: mti ni mkoko wa Pate, mizizi ni ukoo, maji ya chumvi ni machozi. Wallahi nilijipendeza. Wazee wakaangalia vikombe vyao vya kahawa. Bibi akaningoja nimalize, ndipo akauliza, "Mwanangu, mimi kima, nililie mti?"

Baraza zima likaanguka kicheko. Kesho yake nikamwendea kumwomba radhi. Akaimba tena polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma: n-ti. Nchi, jamani! Na mimi mzaliwa wa Kibokoni, nyanya yangu macho akiyaita mato mpaka anakufa. Lahaja nilikuwa nayo nyumbani, nikaiacha mlangoni nilipovaa viatu vya kwenda kazini.

Wala usijifanye mwerevu ukaandika "nchi". Kina kitavunjika, ubeti mzima utachechemea. Andika nti, maelezo weka pembeni.

4. Ruhusa, jina la mwimbaji, alikozaliwa, mtaa, tarehe. Kabla ya kahawa, si baada.

5. Jirani akiingia akaitikia kibwagizo, usimnyamazishe. Nilimnyamazisha mmoja pale Majengo. Kumbe ndiye aliyekuwa akiujua ubeti wa mwisho. Alikwenda zake na kanga yake begani, na mpaka leo tukikutana sokoni hunisalimia kwa nyusi tu.

Kijana wa feni, wewe kesho urudi Kisauni. Usiende mikono mitupu, chukua halua. Na ujiandae: nasikia bibi yule amekwisha kukupa jina, na halina uhusiano wowote na nyimbo.